Dau la mnyonge haliendi joshi, na joshi si mbio

MWALIMU mmoja wa Kiswahili anayefunza katika shule ya upili mjini Ruiru ameniletea swali ambalo nimelikalia kwa wiki mbili. Aliwapa wanafunzi wake methali ‘Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda’ na kuwataka waeleze maana yake. Karibu darasa zima liliandika kwamba dau la mtu maskini haliendi mbio. Msichana mmoja, ambaye babake alizaliwa Faza, aliandika kuwa dau hilo haliwezi kuelekea unakotoka upepo. Mwalimu akafungua kitabu cha udurusu, akakuta joshi imefasiriwa kuwa ‘mbio’ au ‘kasi’, akamkata alama. Msichana hakukubali. Akaambiwa ni mbishi.

Sasa mwalimu anauliza: nani ana haki?

Ni msichana, na arejeshewe alama zake. Lakini nisiliache jambo hili hapo, kwa sababu nimepitia vitabu kadhaa vya udurusu vinavyouzwa katika maduka ya Thika na Ruiru na nimeona jinsi maelezo haya yanavyonakiliwa kutoka kitabu hadi kitabu, makosa ya chapa na yote. Mwanafunzi anayejua hutozwa faini, asiyejua hutuzwa. Hilo si jambo dogo kwa mtoto anayehesabu alama moja moja ili aingie chuoni.

Tuanze na kitu ambacho kila mtoto wa Thika amekiona: mlingoti wa bendera uwanjani mwa shule. Juu yake kuna kapi, na kwenye kapi hilo imepita kamba ambayo skauti huivuta, bendera ikapanda. (Bendera yenyewe ni neno la Wareno, lakini mlingoti uliibeba kana kwamba ni jamaa yake.) Ukiuelewa mlingoti huo umeshaelewa nusu ya jahazi. Katika jahazi kinachopandishwa ni foromali, yaani mti mrefu ambao tanga limefungwa kwake, mara nyingi miti miwili au zaidi iliyounganishwa kwa kamba. Foromali ni nzito. Kwa hivyo kamba nene iitwayo henza hupitishwa kwenye ncha ya mlingoti, upande mmoja ikaishika foromali, upande wa pili ikafungwa gofia, ambayo ni kapi kubwa la mbao. Ndani ya gofia ndimo mnamopita jarari, na jarari ndiyo mabaharia huivuta. Henza hubeba uzito, jarari hurahisisha kazi. Mwalimu wa fizikia anaweza kulifunza somo zima hapo bila kuondoka uwanjani.

Tanga likishatwekwa, ncha zake za chini hazina budi kufungwa. Ncha ya mbele, inayokazwa karibu na omo, ndiyo joshi. Ncha ya nyuma hushikwa kwa kamba iitwayo demani, ambayo nahodha huilegeza au kuikaza kadiri upepo unavyobadilika. Ncha ya mbele ndiyo inayoukabili upepo, na ndiyo maana upande wa chombo unaotazama upepo ukaitwa upande wa joshi, na upande wa pili, ule upepo unakokwenda, ukaitwa upande wa demani. Kwenda joshi basi ni kukisogeza chombo kuelekea upepo unakotoka, kadiri tanga litakavyostahimili. Ni suala la mwelekeo. Kasi haimo.

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja machoni pa upepo. Hukata mshazari, kikafika mbali kidogo, kikageuza, kikakata mshazari wa upande wa pili, na hivyo hivyo hadi kifike. Mwendo huu wapwani waliuita bisho, na kuufanya ni kubisha. Sasa mtazame yule msichana wa Ruiru. Aliambiwa ni mbishi kwa sababu alibisha, na kitenzi alichotupiwa ni kile kile wanachokitumia mabaharia kwa kazi ya kukiendea kinyume chake upepo. Kama angekuwa na nafasi ya kujitetea, angemwambia mwalimu wake kwa adabu kwamba ndivyo hasa anavyofanya.

Na kubisha kwa jahazi si mchezo. Tanga la pembe tatu haligeuzwi kirahisi. Chombo huupa upepo tezi, foromali husimamishwa wima, huzungushwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, na tanga lote likafuata huku likipigapiga. Kazi hii hutaka watu, na watu wanaojuana kwa wimbo na kwa jicho. Kosea kidogo, foromali ikuangukie.

Turudi kwa mnyonge na dau lake. Hapa ndipo vitabu vyetu vinakosea mara ya pili, kwa kuwa vinalichora dau kama jahazi kubwa la watalii wa Lamu. Dau si jahazi. Edward Steere, katika mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja uliochapishwa mwaka wa 1870, alilieleza dau kuwa chombo kidogo kilicho wazi, kilichochongoka huku na huku, chenye tanga la mkeka la pembe nne, kilichotumiwa hasa kuleta kuni mjini kutoka kusini mwa kisiwa. Kila neno katika maelezo hayo lina uzito. Tanga la mkeka la pembe nne hupokea vizuri upepo utokao nyuma, lakini ukijaribu kulikaza ili chombo kikaribie upepo, hulegea na kupoteza umbo. Hata mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari wa chuma, ulibeba tanga la mkeka la namna hiyo na ulikuwa na udhaifu huo huo. Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale mno katika pwani hii. Mwandishi Mgiriki wa karne ya kwanza aliyeandika habari za Bahari ya Hindi alivitaja vyombo vya kushonwa vya Rhapta. Udhaifu wa tanga haukutokana na ujinga wa mafundi. Mtepe ulijengwa kwa ajili ya pepo za msimu, ambazo humfaa mwenye subira.

Hebu mfikirie basi mchukuzi wa kuni wa Unguja wakati wa kusi. Upepo unavuma kutoka kusini. Anapakia kuni, anatweka tanga lake la mkeka, na dau linakwenda mjini kwa mbio kabisa, pengine kuliko mashua ya tajiri iliyosheheni. Mbio anazo! Anauza kuni, anafunga senti zake shukani, anataka kurudi kwa mkewe na wanawe. Sasa upepo uko usoni. Tanga lake halishiki, chombo chake hakina mkuku wa kina wa kukizuia kisisukumwe ubavu, na ndani yake yuko yeye na labda kijana mmoja. Atashika makasia, atapiga pondo penye maji haba, au atalala mjini akingoja upepo utulie huku senti zikipungua. Akiamka akaukuta upepo umegeuka, ni Mungu kupenda.

Ukiisoma hivyo, methali inabadilika mbele ya macho yako. Tafsiri ya ‘mbio’ inamwambia mtoto wa Thika kwamba maskini huchelewa. Hilo kila mtu analijua, wala halihitaji methali. Tafsiri sahihi inasema jambo gumu zaidi: mnyonge anaweza kwenda kwa kasi maadamu anakwenda unakotaka upepo. Asichoweza ni kuchagua aendako. Akisukumwa na mambo ya wakubwa huonekana anaendelea, na siku anapotaka kurudi upande wake ndipo anapotambua kuwa hana vifaa. Mfanyakazi wa kiwandani Thika ambaye hupata kazi msimu wa kazi na kurudishwa nyumbani msimu ukiisha angeielewa methali hii vizuri kuliko mtunzi wa kitabu cha udurusu.

Tukumbuke pia kwamba vifaa hivyo hutegemeana. Wasomaji wangu wa Thika na Ruiru, ambao bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka kwao, huenda wanaijua Biblia kuliko jahazi. Wafungue Isaya 33:23. Nabii anaeleza unyonge wa taifa kwa picha ya chombo ambacho kamba zake zimelegea, mlingoti wake haukazwi, tanga lake halikunjuliwi. Kamba, mlingoti, tanga, kwa utaratibu huo huo. Kamba ikilegea mlingoti hauna nguvu, na mlingoti usipokuwa na nguvu tanga halina maana. Anayetaka kwenda joshi huzipa kamba zote mzigo mkubwa kuliko anayekwenda na upepo, na wahenga wetu walishasema kamba hukatikia pembamba. Mnyonge ndiye mwenye kamba iliyoungwaungwa.

Nisije nikaeleweka kwamba wenye nguvu walikwenda joshi walivyotaka. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait mwaka wa 1938 na 1939, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji kuchukua boriti za mikoko, kisha hadi Kuwait. Nahodha wake, Ali bin Nasr al-Nejdi, alikuwa bingwa, na chombo chake kilikuwa imara. Hata hivyo walishuka na kaskazi na kupanda na kusi kama kila mtu. Joshi ilikuwa ya kuukwepa mwamba, kuingia bandarini, kurekebisha njia pale upepo ulipopinda. Kiasi hicho tu. Lakini baharini kiasi hicho ndicho kinachotenganisha kufika na kupotea, na ndicho mnyonge alichokosa.

Nazijua hoja za wanaotetea ‘mbio’. Wenzangu kadhaa wa isimu wameniambia, ‘Prof, lugha hubadilika. Bara hakuna bahari, kwa nini neno lisipate maana mpya?’ Ni hoja ya haki, na naomba tuipime kwa ushahidi.

Twende uwanja wa mpira wa Thika siku ya mechi. Mtangazaji anasema mpira umegonga mlingoti. Mlingoti umetoka chomboni, umekuwa mhimili wa lango, na hakuna mwalimu aliyeagiza hivyo. (Lile gogo la juu tunaliita mtambaa wa panya, jina lililotoka kwenye dari ya nyumba. Lango letu ni nusu chombo, nusu nyumba, na anayelilinda timu ikimteua huwa nahodha.) Twende barabara ya Thika. Mtu husema ameabiri matatu pale Ruiru, ilhali kuabiri kulikuwa ni kuvuka maji kwa chombo. Gazeti hili halipitishi wiki bila kutuambia kwamba mitihani, ligi au kampeni imeng’oa nanga. Mipango ya serikali ikiharibika tunasema imekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu. Vijana wa Ruiru wanaoishi chini ya milingoti ya simu hawana habari kwamba wamezungukwa na jahazi zima. Hayo yote ni mabadiliko halali. Wasemaji wameyachukua maneno, wameyatia kazini, yameshika.

Sasa nionyeshe aliyewahi kusema gari linaenda joshi. Yuko wapi utingo wa Thika aliyemwambia dereva, ‘Enda joshi, polisi wako mbele’? Mkimbiaji gani ameshinda kwa joshi? Hakuna. Maana ya ‘mbio’ haipo midomoni mwa mtu yeyote, bara wala pwani. Imo kitabuni tu, na kitabuni imo chini ya methali hii moja. Hilo si badiliko la lugha. Ni ubashiri wa mtu aliyeliona neno asilolijua baada ya ‘haliendi’, akajaza pengo kwa neno la kwanza lililomjia, kisha wengine wakamwamini kwa sababu alichapishwa. Neno lina haki ya kuhama. Halina wajibu wa kuhamishwa na mtu asiyewahi kulisikia.

Lawama, hata hivyo, siwezi kuibwaga yote kwa watunzi wa vitabu vya udurusu. Wao hunakili, na cha kunakili tumewapa kidogo. Kiswahili sanifu kilipoundwa kutokana na Kiunguja, baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 na kuanzishwa kwa kamati ya lugha ya nchi nne mwaka wa 1930, methali za baharini zilipelekwa kila darasa hadi bara kabisa. Chombo kiliachwa pwani. Tukawapa watoto wa Kiambu maneno bila vitu vyake. Aliyekaa Lamu akaandika kwa kina juu ya mabaharia wake alikuwa Mholanzi, A.H.J. Prins, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1965. Mwaka wa 1970 Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, Dar es Salaam, kilichapisha kamusi yake ya istilahi za ubaharia wa Kiswahili. Kamusi hiyo ilikuwa ya kumsaidia anayejua Kiingereza aelewe maneno ya Mswahili. Mtoto wa Ruiru, anayehitaji Kiswahili kifafanuliwe kwa Kiswahili, hakuwa msomaji aliyelengwa. Zaidi ya nusu karne imepita.

Nasi wasomi tulifanya nini? Tuliandika ‘aina ya’. Aina ya kamba, aina ya tanga, aina ya chombo, sehemu fulani ya jahazi. Faharasa za shule zimejaa ‘aina ya’ kana kwamba mfasiri alikuwa anaogopa kulowa. Mwanafunzi akiambiwa demani ni aina ya kamba, na jarari ni aina ya kamba, na henza ni aina ya kamba, ana kamba tatu mkononi na hajui avute ipi. Mchoro mmoja tu wenye mishale ungetosha. Vitabu vya sayansi vina michoro ya moyo na figo. Kitabu cha methali kinashindwaje kuwa na mchoro wa dau?

Wenye uwezo wa kwenda Lamu waende, wafike Matondoni wanakoundwa majahazi, au waingie makavazi ya Lamu wakatazame mifano ya vyombo. Lakini shule nyingi za Thika na Ruiru haziwezi kumudu basi la Lamu, na wala sitaki mwalimu afanye hilo kuwa kisingizio. Mlingoti uko uwanjani. Kamba iko. Ufito na shuka ya zamani vitapatikana. Fungeni shuka kwenye ufito, ufito mkaupandishe kwa kamba ya kando, si ile ya bendera, maana sitaki barua za mwalimu mkuu. Mtoto mmoja ashike ncha ya mbele, huyo ni joshi. Mwingine ashike kamba ya ncha ya nyuma, huyo ni demani. Ngojeni upepo wa saa nane. Demani akilegeza kamba shuka itapigapiga, akivuta itavimba. Kisha ulizeni upepo unatoka wapi na mnyonge alitaka kwenda wapi.

Mwalimu wangu wa Ruiru ameongeza swali la pili chini ya ukurasa: je, mwanafunzi akiandika ‘goshi’ badala ya ‘joshi’ amekosea tahajia? Hajakosea. Kamusi za kale zina maumbo yote mawili, na maana ni ile ile. Katika insha atumie ‘joshi’, ndilo lililozoeleka katika methali, lakini akiandika ‘goshi’ asikatwe alama.